Khadro, Dakika ya Kumi na Moja

Wiki hii nimetazama filamu nne na dokumentari mbili. Nitazisema moja moja. Ile ya mwisho nitaisema kwa urefu kwa sababu marehemu mke wangu yumo ndani.

Ya kwanza ni ya Kihindi. Polisi mmoja anapigana na watu arobaini juu ya paa la treni na shati lake halichomoki kwenye suruali. Aliyeitafsiri kwa Kisomali ni mtu mmoja, na yeye ndiye sauti ya wote: polisi, jambazi, mama wa polisi, hata mtoto mchanga. Mama analia kwa sauti nzito ya mwanamume na hakuna anayecheka, tumeshazoea. Mwisho inajulikana kwamba mkubwa wa polisi ndiye jambazi. Mimi nilimjua mapema, alipoonyeshwa ofisini na mapazia mapya. Filamu nzuri, ila ndefu.

Ya pili ni ya Kituruki, ya farasi na panga. Nguo nzuri, ndevu nzuri. Lakini ngamia wa msafara wamebebeshwa magunia yasiyo na kitu. Ngamia mwenye mzigo wa kweli hainuki bila kulalamika, na wale waliinuka kama watu walioitwa chai. Inaonekana aliyepewa pesa ya kutengeneza hakumuuliza mfugaji hata mmoja. Wenye kupewa kazi ni hao hao, kila nchi.

Ya tatu ni ya Korea. Wafu wanaamka wanauma watu. Mwislamu hawezi kuiamini, lakini zile mbio ni safi. Serikali yao inaambiwa habari asubuhi na mapema, nayo inaitisha mkutano. Hapo ndipo nilipoona kuwa Wakorea ni watu kama sisi.

Ya nne ni ya Kizungu, mapenzi kwenye theluji. Nililala.

Filamu hizi nazitazama kwa Maow. Maow ana duka dogo pale sokoni Garissa, kazi yake ni kuwatilia watu filamu kwenye flashi na kadi za simu. Ana televisheni moja na benchi moja, na benchi lile baada ya alasiri ni langu. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo kusoma kwangu ni kwa kusukuma, lakini picha hainishindi. Nilikuwa mfugaji huko Garas Weyne, kijiji cha upande wa barabara ya Dadaab. Mke wangu Khadro alipofariki, mwaka wa pili sasa, nilihamia mjini kwa binti yetu Hinda. Mchana mji hauna kazi ya kumpa mtu kama mimi.

Dokumentari ya kwanza ni ya hirola, yule swala wetu aliyebaki kidogo sana duniani. Wamemfunga kola shingoni, na kola inatuma habari kwenye kompyuta. Mmoja akakaa siku mbili bila kusogea, ndege ikaruka kwenda kumwangalia ana nini. Siku mbili tu. Picha zake ni safi kabisa, unaona mpaka kupe sikioni.

"Adeer, unaipa ngapi?" Maow aliniuliza. Yeye huniita adeer, baba mdogo, ingawa hatuna undugu. Ni heshima tu.

"Tisa. Nami nataka kola."

Sasa hii ya mwisho.

Jumatatu Maow aliniambia, "Kuna nyingine nimeletewa bure. Watu wa ule mradi wa afya, Mkono Karibu. Wanataka niitie kwenye kila kadi inayopita hapa."

"Inahusu nini?"

"Gari lao la wagonjwa. Nusu saa."

"Nusu saa ya gari limesimama?"

"Hapana, linakimbia."

"Basi hiyo si dokumentari," nilimwambia. "Hiyo ni hadithi ya kubuni. Weka."

Mwanzo ni wakubwa wanakata utepe. Halafu wakubwa wanapanda miti. Halafu mkubwa mmoja anaongea, nyuma yake kuna ramani ya mkoa wetu imetundikwa kichwa chini, Bute iko kusini na Diff iko kaskazini, na hakuna aliyeona. Nilikuwa nataka kumwambia Maow atoe. Ikafika dakika ya kumi na moja, nikamwona Khadro amelala kwenye machela, garbasaar yake ya kijani imefunika kichwa na mabega, mkono uko juu ya tumbo, macho yamefungwa nusu. Dereva wa mradi, Issack, na kijana mwingine wanamwingiza garini. Mlango unafungwa. Mtu asiyeonekana anasema kwa Kiswahili kizuri cha redio: "Bi Khadro wa Garas Weyne alibakisha saa chache tu. Leo yuko hai." Kisha anaonyeshwa tena, anauza maziwa barabarani, ana garbasaar nyingine, ile ya maua.

Maow hakumjua Khadro. Alisema, "Mama huyu alikuwa mgonjwa kweli, masikini."

"Hakuwa mgonjwa," nikasema. "Rudisha nyuma."

Siku ile nilikuwepo. Walitoka Nairobi na kamera mbili, wakataka mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwepo, mke wa jirani mwenye uchungu wa kujifungua, lakini mume wake aliwafukuza kwa fimbo. Wakauliza nani anaweza kulala kwenye machela dakika tano. Khadro akauliza, nikilala gari litakaa hapa kijijini? Yule mkubwa wao akasema, filamu ikionekana, mama, gari litakaa hapa moja kwa moja. Basi akalala. Asubuhi hiyo alikuwa ameshakamua mbuzi thelathini. Ya maziwa waliichukua jioni, wakamwambia abadilishe nguo ili ionekane ni siku nyingine.

Kama mtazamaji, nasema aliigiza vizuri kuliko wote waliomo. Wakubwa wote wanatazama kamera. Yeye hakuitazama hata mara moja.

Miezi minane baadaye tumbo lilimshika kweli. Nilipiga ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa gari. Wakasema gari limeenda kupokea wageni uwanja wa ndege. Nikapiga tena, wakasema linakuja. Mara ya tatu hawakushika. Tukamweka kwenye lori la mbuzi, juu, katikati ya mbuzi, Hinda akamshika kichwa. Alikata roho kabla hatujafika Modika. Hiyo haimo kwenye dokumentari.

Kwetu mwanamke akifariki, watu wake hutuma ujumbe: aliye na picha ya marehemu aifute, kumwonyesha ni kumvunjia stara. Hinda ndiye aliyeandika ujumbe wa mama yake, ukafika mpaka Eldas kwa shangazi zake. Kila mtu akafuta. Simu yangu ilikuwa na picha kumi na nne. Nilimpa Hinda mwenyewe kwa mkono wangu, akafuta, akanirudishia. Wakati ule niliona ni sawa. Hata sasa sisemi si sawa. Nasema tu kwamba sikubaki na hata moja. Hata kitambulisho chake tulikirudisha kwa chifu, na sura yake nilikuwa nimeanza kuitafuta kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo.

Jumanne nikarudi kwa Maow. Jumatano pia.

"Adeer, dakika ya kumi na moja tena?"

"Naangalia walivyoweka mwanga."

"Huo mwanga ni jua, adeer."

"Basi naangalia jua. Wewe tia watu kadi zao."

Jumatano hiyo nilirudi nyumbani nikamkuta Hinda hajaweka chai. Rafiki yake wa Bulla Iftin alikuwa amemtumia kile kipande kwenye simu.

"Aabo, hooyo yuko kwenye simu za watu," alisema. Aabo ni mimi baba yake, hooyo ni mama yake. "Vijana wa bodaboda wanamtazama."

"Nimesikia."

"Umesikia au umeona?"

Nikaenda kuweka chai mwenyewe. Akampigia mjomba wake. Abdisalam ni kaka mkubwa wa Khadro, dalali wa ng'ombe kwenye soko la mifugo, na anaongea na kila mtu kama vile mtu huyo ana pembe. Alikuja kabla ya magharibi, akakaa, akakataa maziwa.

"Seddi," aliniambia, yaani shemeji, "dada yangu anatembea sokoni hana kaburi?"

"Kaburi lake tunalijua wote."

"Basi mbona yuko kwa yule muuza sinema? Nimeambiwa unakaa pale unamtazama. Siku tatu. Mtu mzima, ndevu nyeupe."

"Nani amekuambia?"

"Soko zima. Wanasema Nuh amepata mke kwenye televisheni."

Hinda akatazama chini. Abdisalam akaendelea, sauti chini kidogo. "Kesho tunaenda ofisi yao. Wewe ulikuwepo walipochukua hizo picha, wewe ndiye watakusikiliza. Wafute. Wafute kule zinakotoka, siyo kwa Maow tu."

"Nao uongo wao? Wanasema yuko hai. Wanasema walimwokoa."

"Uongo wataulizwa na Mungu. Mimi nataka sura."

Nikasema haya. Ningesema nini? Lakini mimi nilitaka waache sura na wafute uongo, na yeye alitaka wafute sura, uongo haukuwa shida yake. Tulikuwa tunaenda ofisi moja na maneno mawili.

Alhamisi asubuhi, kabla sijakutana naye, nilipitia kwa Maow nikachukua flashi tupu, nikaiweka mfuko wa ndani wa koti. Kama kweli watafuta kule zinakotoka, nitaomba kwanza wanitilie, Abdisalam akiwa ametazama pembeni. Mtu akitaka kunilaumu na alaumu. Hawezi kuwa amefiwa na mke.

Ofisi yao ina mashine ya baridi ambayo inafanya kazi. Nje, gari la wagonjwa lilikuwa chini ya kivuli, limeoshwa mpaka magurudumu. Tulipokelewa na binti anaitwa Ruweyda, ndiye wa mambo ya picha na matangazo. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mtu wa kugombana naye, lakini alisimama, akatuamkia kwa Kisomali, akamwita Abdisalam abti, yaani mjomba, na mimi adeer, akatuletea chai. Ukienda kwa wakubwa, wanakuwekea mtoto mzuri mlangoni ili hasira iishie hapo. Nimeiona hiyo kwenye filamu nyingi.

Abdisalam akaeleza. Ruweyda alisikiliza bila kukata. Halafu akatoa karatasi kwenye faili, ina dole gumba la Khadro chini, wino wa buluu.

"Marehemu alikubali," alisema. "Lakini familia ikiomba, tunaondoa. Habari ilitufikia jana, nimeshauliza juu. Sura yake itatoka, kila mahali, hata ile mali ghafi, picha ambazo hazijakatwa. Tutaweka mama mwingine."

"Mama mwingine wa wapi?" nikauliza.

"Wa kijiji kingine. Hadithi itabaki ile ile."

"Hadithi ipi? Huyu mama mwingine ndiye mliyemwokoa?"

Binti akaiweka karatasi mezani. "Adeer, hadithi ni ya mradi. Sura ndiyo yenu."

"Basi mimi nasema kinyume. Acheni sura, toeni hadithi. Yule mtu wa sauti aseme: Khadro alilala hapa kwa sababu aliahidiwa gari, halafu gari halikuja."

"Seddi," Abdisalam alisema.

"Hilo siyo la meza yangu," Ruweyda alisema. "Hilo ni la wakubwa."

"Wako wapi?"

"Wako Nairobi kwa mkutano."

Nilimtazama Abdisalam. Hata yeye alikaribia kucheka.

Ruweyda akatoa fomu ya kuomba picha iondolewe. Jina la marehemu, jina la mwombaji, uhusiano. Akajaza yeye, mimi natamka. Akafika mahali pa sababu.

"Andika dini," Abdisalam alisema.

"Andika gari halikuja," nikasema mimi.

"Dini ndiyo iliyotuleta."

"Iliyokuleta wewe."

"Nafasi ni mstari mmoja," Ruweyda alisema. "Haitoshi mbili."

Tukakaa hivyo. Wanaume wawili wazee tunagombania mstari wa karatasi. Abdisalam akasema mimi nataka kumfanya dada yake kesi, alale kwenye faili za watu badala ya kulala. Nikamwambia yeye anauza ng'ombe wa kila mtu, basi asiuze na hili bei rahisi. Maneno mabaya. Binti akasema, labda tuangalie kwanza ni nini kinafutwa, kwa kuwa sheria yao inataka familia ione. Akageuza kompyuta upande wetu.

Ilikuwa ile mali ghafi, kabla haijakatwa. Hiyo sikuwahi kuiona. Machela inaingizwa garini mara ya kwanza, mtu wa Nairobi anasema, "Tena." Inaingizwa mara ya pili, anasema, "Tena." Mara ya tatu Issack anagonga kichwa kwenye mlango wa gari, na kila mtu anasahau kamera inaendelea. Khadro anafungua macho. Anakaa pale pale juu ya machela, anavuta garbasaar, anacheka na bega linatikisika. Anasema kwa Kisomali, kwa mtu aliye pembeni: "Nuh, mgonjwa gani anabebwa mara tatu? Mimi nimeshapona, niteremsheni nikaangalie mbuzi." Kamera inageuka, na mimi niko pale nimeziba mdomo kwa mkono, nacheka pia. Nilikuwa na ndevu nyeusi kidogo. Halafu giza.

Ukiniuliza kama mtazamaji, hakuna mwanga uliowekwa, picha inatikisika, na mtu wa Nairobi anaonekana kiwiko. Ni sekunde ishirini hivi.

Abdisalam alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kikoi, akaivaa.

"Rudisha nyuma kidogo," alimwambia binti.

Akarudisha. Tukatazama mara ya pili. Akasema rudisha tena, tukatazama mara ya tatu. Mara hii aliinamia kompyuta mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, na Khadro alipocheka, yeye naye akacheka, kidogo, puani.

"Huyu ana afya," alisema. "Angalia. Huyu hana kitu."

"Nilikuambia," nikasema. "Alikuwa mzima."

"Nilidhani alikuwa mgonjwa kidogo. Nilidhani angalau mara moja gari lilimbeba."

"Lilimbeba mara tatu. Lilisimama hapo hapo, injini imezimwa."

Akakaa akitazama ile karatasi yenye dole gumba. Kisha akamwambia Ruweyda, "Binti, andika la gari."

"Niandikeje, abti?"

"Kama alivyosema yeye."

Ruweyda akaandika kwa herufi ndogo ili itoshe, halafu akatusomea: tuliahidiwa gari, hakuwa mgonjwa, alipougua gari halikuja, amefariki. Abdisalam akasema sawa. Akasema pia, "Na picha zifutwe, zote. Hilo halijabadilika."

Flashi ilikuwa mfukoni. Binti angenitilia, nina hakika, uso wake ulikuwa ni wa kutia. Ningengoja tu Abdisalam aende kutawadha. Lakini mtu ameshaniachia mstari mzima wa karatasi, wa dini yake, mbele ya watu. Nikimzunguka baada ya hapo, nitakuwa nimekaa upande gani wa meza? Nikatia sahihi. Jina langu najua kuliandika.

Ruweyda akakusanya vile vipande kwenye kompyuta, ile iliyokatwa na mali ghafi, akasema ni bora tubonyeze wenyewe. Akanionyesha kidude cha kubonyeza. Nikabonyeza. Maandishi yakatokea.

"Inauliza kama mna hakika," alisema.

"Si nimebonyeza?"

"Inauliza mara mbili, adeer."

"Hii mashine haiamini watu," Abdisalam alisema.

"Ni ya ofisi," nikamwambia.

Mara ya pili akabonyeza yeye. Ilichukua muda mfupi kuliko kumaliza chai.

Maow amefuta yake jana, na Hinda ametuma ujumbe upya kwa watu wa bodaboda na wengine. Watakaofuta watafuta. Mama mwingine atawekwa mwezi ujao, mradi utaendelea kuokoa. Dokumentari yenyewe naipa mbili kwa kumi, na zote mbili ni za dakika ambayo haimo tena.

Tulipotoka, Issack dereva alikuwa amelala ndani ya lile gari, milango wazi, miguu nje. Abdisalam aliniuliza kama kuna mtu atakayesoma kile alichoandika yule binti. Nikamwambia hakuna, karatasi za watu hawa zinaliwa na mchwa. Akasema basi mchwa nao wajue. Tukaenda kuswali adhuhuri.